Mbili Yenyewe Imo?

Kila siku saa kumi alasiri, zamu ya mchana ikishatoka, Chausiku aliingia bwalo la kiwanda pale Chang'ombe, akafuta ubao kwa kitambaa kibichi, akachora mstari wa namba kutoka sifuri hadi tano. Wanafunzi wake, wafanyakazi watu wazima, walimsubiri. Siku ile hajafika hata tatu, mkono ukanyanyuka nyuma.

"Mwalimu, naomba nitoe mfano," alisema Marijani, fundi wa mitambo. "Mtu afanye kazi miaka isiyopungua miwili. Tuchoreje?"

Bwalo zima likaangua kicheko. Chaki ikamponyoka Chausiku. Nani hakulijua sharti la Mzee Mwishehe? Binti yake Chausiku alipomaliza chuo cha ualimu, mzee alitangaza mbele ya jamaa wote: haolewi mpaka afundishe miaka isiyopungua miwili. Na miwili ilitimia leo hii. Marijani alikuwa akihesabu. Chausiku naye alihesabu, ila kimoyomoyo.

Mzee Mwishehe mwenyewe alikaa benchi la mbele, mwanafunzi asiyekosa hata siku moja.

"Hilo jepesi!" Akajitoma ubaoni, akachora mshale kwenda kulia, na juu ya mbili akaweka duara tupu.

"Mzee, umetuua!" akalia Bernadeta wa mashine za kusokota. "Duara tupu maana yake mbili haimo!"

"Haimo, ndiyo. Aanzie mbili na kitu."

Marijani akashika kichwa. Wote wakamgeukia mwalimu. Amsahihishe baba yake mbele za watu, tena kwa jambo hili! Uso ulimwaka moto.

"Baba," akanong'ona, "ukiniagiza mchele usiopungua kilo mbili, nikaleta mbili kamili, utanirudisha dukani?"

"Nikurudishe kwa kosa gani?"

"Basi mbili yenyewe imo?"

Mzee akatazama ubao, akamtazama Marijani. Taratibu akalijaza duara, vumbi la chaki likimwagikia ndevuni.

"Lahaula! Nimejifunga kwa kamba yangu mwenyewe!"

Vigelegele! Bernadeta akapiga meza kama ngoma, mpaka mzee alipoinua mkono.

"Hesabu imekubali. Mwenyewe sijamsikia. Wasemaje, mwanangu?"

Siku zote swali kama hilo Chausiku alilijibu kwa kuinamia pindo la kanga. Sasa aliinua uso.

"Namtaka Marijani, baba," akasema, sauti ikafika hadi mlangoni. "Washenga wake waje hata kesho."