Simu Kutoka Juu ya Mto

Simu iliita juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na vipande vya vitambaa. Fundi cherehani aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Hupokei?" aliuliza mteja aliyekuwa akipimwa kiuno.

"Ni dada yangu tu, wa kunivurugia siku. Achia tumbo, shoga, gauni halidanganyiki."

Walicheka. Simu ikaita tena, kisha ukaingia ujumbe wa sauti. Hakuusikiliza.

Dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, huko mto unakotoka. Walikuwa hawasemezani tangu matanga ya mama yao, dada alipomwambia mbele za watu, "Mama kafa akikuita, wewe unashona nguo za harusi za wenzio." Yalikuwa kweli, ndiyo maana yalichoma.

Siku hiyo jua lilikuwa kali, hata wingu hakuna. Mtaa wa fundi ulikuwa umejengwa bondeni, pale mto ulipozoea kutanuka zamani. Miti ya kingoni ilikwisha kuingia kwenye matanuri ya matofali, na kingo zenyewe zilikuwa zimeliwa na wachimba mchanga, mumewe akiwa mmoja wao. Watu walitaniana kuwa mto umezeeka, hauna meno.

Jioni maji yakaja, mazito, rangi ya matope, yakisukuma magogo na mabati. Mume alimbeba mama yake mgongoni, bibi asiyeweza kutembea, huku kinyozi jirani akitangulia na kamba. Wimbi likawaangusha uchochoroni. Waliinuka, wakafika shuleni kwenye mwinuko, lakini mama mkwe alikuwa ameyanywa maji yale. Kifua kikambana. Matope hayajakauka, wakamzika.

"Tungejua mapema kidogo tu," mume alisema, akikwangua tope sebuleni kwa sepetu, "ningemtoa mama akiwa mkavu. Lakini maji hayabishi hodi."

Mkewe alikuwa amepiga magoti akifungua skrubu za cherehani. Hakuinua uso. Ujumbe alikwisha kuusikiliza kule shuleni, nyuma ya vyoo, simu kaibana sikioni.

"Mdogo wangu, najua umeninunia. Usiseme nami, sawa. Lakini huku mvua haikatiki, bwawa limefurika, na mchana huu wanafungua milango. Mtoe mama mkwe wako kwanza."

Dada alivuka mpaka kuja msibani, kabeba furushi la mablanketi. Alimkumbatia mdogo wake hapo hapo mlangoni.

"Nilikupigia mpaka mkono ukafa ganzi!"

"Niliisahau simu nyumbani, dada. Nilikuwa nimetoka kupeleka nguo."

"Nilijua tu. Nikamwambia shemeji yako, hata kama kanikasirikia, hawezi kuninyamazia." Kisha akalia, na katika kulia kwake mlikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomuumiza mdogo mtu kuliko kusutwa.

Baadaye kulikuwa na mkutano wa mtaa. Walikubaliana mchanga usichimbwe tena kingoni, ipandwe mianzi, na atafutwe mtu wa kupokea habari kutoka juu ya mto.

"Mbona tunaye?" alisema mwenyekiti. "Fundi wetu ana dada huko huko."

Makofi yakalia. Mteja yule wa gauni alikuwa ameketi mstari wa mbele. Hakupiga makofi, alimtazama tu. Fundi akasimama, akapokea kipaza sauti alichokabidhiwa. Angekataa kwa sababu gani?

Siku hizi dada akipiga, hata kama ni kusimulia kuku wake walioharibu bustani ya jirani, fundi huutupa mkasi na kupokea. Mara moja ameshazunguka mtaa mzima akipiga kelele, na watu wakahama mapema, salama.

"Mke wangu huyu," mume huwaambia wageni, "hakuna simu inayompita."

Naye huinuka, akatoka kwenda kuangalia kama nguo zimekauka, hata siku ambayo hakufua.