Nani Ataikataa Mvua ya Dongobesh

...lakini mkono ulikuwa umeshapanda, si wote, nusu tu, umefika usawa wa sikio na hapo umegoma, na Akonaay akabaki anautazama kwa pembe ya jicho kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine aliyekuja kusimama karibu naye, kwa sababu hakuutuma, alisikia tu kipaza sauti kikisema, bendi yoyote inayoomba mashindano yaahirishwe kwa sababu ya hali ya hewa mbaya, kiongozi wake anyooshe mkono, na mkono ukaondoka wenyewe, kama wa mtoto wa darasa la kwanza aliyebanwa, na sasa maji yanaingia kwenye mkono wa koti yanashuka hadi kwapani, baridi kama kisu, na yeye hajui aupandishe, aushushe, au ajikune sikio ili watu waone alikuwa na shughuli zake... Hali ya hewa mbaya, ndivyo alivyosema yule jaji, mwalimu Letisia wa muziki kutoka Babati, amesimama jukwaani chini ya mwavuli wake wa maua, akalitamka neno mbaya kwa wepesi kabisa, mtu wa mjini, ananunua maharage kwa kilo, na uwanja mzima wa Dongobesh, watu wapatao elfu moja, wakulima na wafugaji watupu, ukaanza kuzungusha shingo taratibu kutafuta ni nani atakayeitika, ni kiongozi gani wa tarumbeta mwenye ubavu wa kusimama mbele za watu, baada ya miezi mitano ya vumbi, aseme mvua ni mbaya, na hakuna aliyekimbia, hata mmoja, akina mama wamesimama wima kanga zimewaganda mwilini, wazee wamevua kofia, maana huku mvua ikirudi baada ya kupotea muda mrefu haikimbiwi, unaisimamia kama unavyomsimamia mgeni mkubwa, ukimkimbilia barazani atajua hukumtaka... na yeye kati ya watu wote, Mungu wangu, yeye! Jumapili mbili zilizopita si yeye aliyesimamishwa mbele ya kanisa kule kwao Tumati kuombea mvua, kwa kuwa mchungaji alikuwa ameomba wiki saba mpaka sauti imemkauka, wakasema ajaribu mzee wa kanisa, ajaribu Akonaay, na Akonaay hakuomba juujuu, Akonaay ni mtu wa bendi, anapenda mambo yaanze kwa wakati, aliomba kwa vipimo, Bwana, si manyunyu, manyunyu tumeyaona, tunataka mvua ya kumfungia mtu ndani, siku tatu bila kupumzika, na tafadhali isivuke Jumamosi ya wiki ijayo maana maharage tuliyopanda kwa manyunyu yanatoa maua na Jumatatu hayaioni, na watu wakaitikia amina mpaka mabati yakalia, na hapakuwa na mtu kanisani, si mchungaji, si wapiga tarumbeta waliojaa mabenchi mawili ya mbele, si yeye mwenyewe aliyekuwa na barua ya mwaliko mfukoni mwa shati lile lile la kuombea, aliyekumbuka kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ndiyo mashindano.

Ingekuwa manyunyu angevumilia, lakini imekuja kama ilivyoagizwa, saa nne kamili, bendi nne zimeshapangwa uwanjani kwa mistari, na nyuma yake sasa anamsikia Sulle, mpiga besi, akipumua kwa taabu, kwa sababu besi, ile tarumbeta kubwa kuliko zote, hutazama mbinguni, mdomo wake mpana kama beseni, na kila baada ya dakika Sulle inambidi aiinamishe kama mwanamke anayemwaga maji ya vyombo, halafu aikumbatie tena aanze kukinga upya, na alipoijaribu kidogo ilitoa sauti ya mtu anayesukutua, watu wakacheka, cheka tu, na makoti... asitazame makoti, ameshayatazama, basi, makoti ya mitumba waliyochagua mnadani rangi hii na ile, Helena wa kwaya akasema nipeni mimi, akayachemsha yote kwenye pipa moja na rangi nyekundu ya mikeka, yakatoka mazuri, mekundu kama ya askari wa kifalme, Jumapili usharika mzima ukasimama kuyatazama, na sasa nyekundu ile inashuka kwenye suruali nyeupe, ya kwake pia, anaisikia mapajani, wapiga tarumbeta kumi na wawili wa Bwana wamesimama kwa nidhamu wakionekana wametoka machinjioni... Lakini hayo yote si kitu, koti linafuliwa, besi inamwagwa, ni ngoma, ngoma kubwa ndiyo inayommaliza, kwa sababu ile ngozi ya dukani ilipopasuka mwaka jana, bendi nyingine zote zilinunua za plastiki, siku hizi maduka ya Arusha yamejaa vitu vya Kichina mpaka barabarani, na Patriki, mwalimu kijana aliye kwenye bendi yake, alisema, mzee, tununue ya plastiki, na yeye akamjibu, plastiki ya nini na ng'ombe tunao, akawamba ngozi ya fahali wake mwenyewe, akaikaza kwa kamba za kitani, na jua lile la miezi mitano likaikaza zaidi, ikawa kavu, ikalia, Fausta akiipiga Tumati kuku wa ng'ambo ya bonde wanaacha mayai, na Akonaay akasema moyoni, hata kwa sauti alisema, tena mbele ya Patriki, mwaka huu watatusikia hadi Katesh! Kuombea mvua Jumapili na kuisifia ngozi kavu Jumatatu, ndiyo akili yake hiyo, kichwa kimoja vyumba viwili na mlango haupo... na Fausta sasa ameigusa kwa kidole tu, kidole kimoja, ikajibu, pu, kama mtu aliyekaa kwenye godoro, na Fausta, mwanamke anayebeba gunia la mahindi bila kuitisha msaada, akamnong'oneza kwa huzuni ya msibani, mzee, imelala.

Imelala. Na ikilala ngoma bendi haitembei, wengine wataingia mguu wa kushoto wengine wa kulia, na mwalimu Letisia ana karatasi, ana alama thelathini za mwendo peke yake, na wakikosa nafasi ya kwanza basi fimbo hii, hii aliyoishika kwa mkono wa kulia, aliyoichonga mwenyewe na kuifunga bati la kopo kichwani ing'ae, inakwenda kwa Patriki, imeandikwa kwenye muhtasari wa baraza la wazee, bendi isiposhinda mwaka huu, ikiwa mara ya nne mfululizo kushindwa na bendi ya Gendabi, uongozi apewe mwalimu Patriki, na aliulizwa, mzee Akonaay una neno, akasema sina, akasema hata amina, mjinga mkubwa, alidhani jua litaendelea! miaka kumi na tisa ameshika fimbo hii, tangu tuko mkoa wa Arusha, mpaka wakatutenga wakatuita Manyara yeye bado ameshika tu, na ukweli ambao hajamwambia mtu, hata Marieta mkewe, ni kwamba anaogopa, anaogopa kama mtoto, kwa sababu mwenye fimbo husalimiwa na watu asiowajua, shikamoo mwalimu, na yeye si mwalimu, aliishia darasa la nne, wakimnyang'anya fimbo atabaki mzee mmoja mwenye maharage, na wazee wenye maharage wamejaa Tumati nzima... Mzee, sauti ya Patriki begani, taratibu, kwa adabu, na hicho ndicho kinachouma, kijana hana ubaya wowote, angekuwa na kiburi ingekuwa rahisi, mzee, malizia tu mkono, tuahirishe, tuikaushe ngozi, Jumamosi ijayo tunawapiga, na Akonaay akashangaa, maana huyu anajinyima fimbo mwenyewe, anataka bendi ishinde, basi tu, akataka kumjibu asante mwanangu, akajibu, simama wima, tarumbeta kifuani! na mkono wa kushoto bado uko pale pale, si juu si chini, na watu wa upande wa kamba wameshauona, wananong'ona, anamsikia mmoja akisema, yule si ndiye aliyeiomba? mwingine, ndiye, labda anaishukuru... akiupandisha amekwisha, atakuwa kama mwinjilisti Yonas, aliyeomba mvua isimame saa tatu tu ili binti yake aolewe kwa raha, ikasimama kweli, ikasimama miezi kumi na nne, na hadi leo, miaka kumi na moja sasa, Yonas akipita njiani wanawake wanamwuliza kwa heshima zote, shikamoo mwinjilisti, leo umeamuaje, tuanike mtama? na Yonas hakuwahi kuishika tena Biblia hadharani wakati wa kiangazi. Na Marieta yuko pale, mstari wa mbele kabisa, amekataa nailoni aliyopewa na mwenzake, maji yanamtiririka puani, anamtazama mumewe mkono tu, hatazami uso, na midomo yake inaenda, Akonaay hasikii lakini anajua, miaka thelathini na miwili ya ndoa anajua, anasema, Baba Evaline, shusha.

Sasa ashushe, sawa, ashushe, kisha nini, apige gwaride na ngoma inayosema pu, mzunguko mzima wa uwanja, mbele ya Gendabi... na ndipo akawatazama Gendabi, maana mtu akikaribia kushindwa humtafuta kwa macho atakayemshinda, wale pale, mstari wa jirani, plastiki zao zimekaza, makoti yao ya mvua yanayofanana, na mbele yao Margwe, kiongozi wao, mrefu kama mlingoti, aliyewashinda mara tatu mfululizo na kila mara akaja kumpa mkono huku anatabasamu tabasamu lile, Akonaay hulichukia, huliota, na akajiandaa kuliona sasa hivi, hakuliona, Margwe hakuwa anamtazama yeye wala jaji wala mtu, amevua kofia yake yenye manyoya ya jogoo ameitupa kwenye tope, fimbo yake ameichomeka ardhini kama mti wa kufungia ndama, ameinua uso, kinywa wazi, anakunywa, mtu mzima, mvua inamwingia kinywani naye anakunywa, na Akonaay akakumbuka habari iliyofika mnadani mwezi uliopita akaisikia na kuipita kwa sababu alikuwa anachagua makoti, kwamba kule tambarare, Gendabi, ng'ombe wameanza kulala bila kuamka, kwamba Margwe alikuwa na ishirini na sita amebaki na tisa, wanainuliwa asubuhi kwa kamba, watu wanne ng'ombe mmoja... ishirini na sita kasoro tisa, hakutaka kuhesabu, akahesabu, kumi na saba, na mtu huyu bado amepanga bendi, amepiga pasi suruali, amekuja. Na Margwe akageuka ghafla, akamwona, akauona na ule mkono uliosimama, lakini hakuuelewa, au hakuujali, akapaza sauti kuvuka mistari miwili ya tarumbeta, jambo ambalo katika gwaride ni kosa la alama tano, akauliza kwa sauti iliyopasuka, Akonaay, ndugu yangu, wewe mtu wa milimani unayajua mawingu, hili linatoka kwetu au linakwenda kwetu?... na Akonaay akatazama juu, kijivu kote, upepo unapiga huku unapiga kule, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akalitazama wingu kama wingu, si kama alama zilizopunguzwa, na aibu ikamjia, ndiyo, aibu tupu, kwamba kwenye ile sala yake ya vipimo alitaja Tumati, akataja bonde la Tumati, karibu ataje na mipaka ya shamba lake, tambarare hakuitaja kabisa, haikumjia, na hii mvua, kama Mungu anafuata maagizo kwa umakini ule ule wa saa na siku, basi itakomea Tumati ilipoagizwa, na ng'ombe tisa wa Margwe watasikia ngurumo tu kwa mbali... halafu yeye amesimama hapa mkono nusu angani anataka kuisimamisha hata hiyo, kwa ajili ya ngozi, ngozi moja ya fahali aliyenona!

Kipaza sauti kikakohoa tena, mwalimu Letisia akasema narudia kwa mara ya mwisho, je, kuna bendi, na mwavuli wake wa maua ukapinduka kwa upepo, na hakuna aliyecheka, elfu moja wanamtazama mtu mmoja, Patriki nyuma anasema mzee, Marieta mbele anasema shusha, Sulle anamwaga besi, na ule mkono bado uko usawa wa sikio, haujapanda, haujashuka, ila hauumi tena, ajabu, umekuwa mwepesi, na Akonaay akafumba macho pale pale katikati ya gwaride akaanza kuomba, haraka haraka kabla hajaulizwa jina, safari hii bila saa wala siku, Bwana, ni mimi tena, yule wa Tumati, kule kwetu imetosha kwa leo, maharage yameshaloa, isukume hii ivuke bonde ishuke tambarare, ifike Gendabi, na kombe nalo kama lazima liende huko liende, sina neno, sasa ni kweli sina neno, ila Bwana, mvua ndiyo itangulie.