Metre elfu mbili ya Daniella

Hapana, haina mayi. Hata tone moya. Njo kintu yenye ilimushindaka Mwansa siku ya kwanza yenye batoto yake balimupeleka kuona: mashini ya kupiga kafi, imewekwa chini ku simenti, mu salle ya michezo kule Kampemba, na ziwa haiko. Unaikala ku kakiti kenye kanateleza ku chuma, unafunga miguu, unashika kamuti kenye kufungwa na munyororo, unavuta. Mbele kuko ventilateur, feni ya upepo, ndani ya kisanduku, inalia vuuu, vuuu. Kadirisha kadogo kanakuambia umevuta metre ngapi na kwa dakika ngapi. Na hauendi popote. Sasa Mwansa ni muntu ya Kilwa, ku ziwa Moero, alipigaka kafi mbele ya kuyua kuvaa suruali. Akaangalia ile mambo, akauliza batoto: basi kisha yote ile munafika wapi? Michelle akacheka. Na Daniella akacheka, juu bale bawili, kama moya anacheka, mwengine hawezi kunyamaza.

Mapasa, ndiyo. Sikusema? Mapasa, wa kwanza Michelle, wa pili Daniella, miaka makumi mbili na mbili.

Na mapasa, muko munayua vile banalelewaka. Ukinunua robe, kanzu ya kike, nunua mbili. Ukisalimia moya, salimia na mwengine, ao ule mwengine atakasirika na kasirani ya mapasa haina dawa. Hata fimbo. Siku moya Michelle aliiba mikate ya mama yake yenye kukaanga, Mwansa akamuchapa, kisha akageuka akachapa na Daniella. Daniella akasema: «Papa, mi sikukula hata moya.» Mwansa akamujibu: ni desturi. Mutoto akafikiri kidogo, akasema: «Basi ingine siku mutuambie mbele, na mi nikule.» Ile maneno Mwansa aliirudiliaka mu bilio ya matanga, mu ndoa, fasi yote.

Bon. Ku salle kulikuwa mashini mbili, moya pembeni ya ingine. Stéphane, mwenye salle, kijana ya Kasai mwenye heshima, alipendaka kubaangalia. Kila asubuyi metre elfu mbili, bote bawili pamoja. Ku ukuta kuko kibao cheusi, Stéphane aliandika mistari mbili: Michelle, Daniella. Kisha kuvuta, banaandika saa yabo na craie, ile chaki. Balianza ku dakika kumi. Bakashuka ku kenda. Mu mwezi ya kwanza, mu mvua, Daniella akavuta kwa dakika munane na segonde ine. Michelle munane na segonde sita. Daniella akamuambia dada yake: «We njo ulitangulia kuzaliwa, mi njo ninatangulia kufika.» Walikuwa banatafuta kushuka chini ya munane.

Kisha homa ikamukamata Daniella. Siku tatu tu. Siku ya kwanza banasema ni malaria, siku ya pili banakimbia ku hospitali, siku ya tatu bibi ya Mwansa, Simone, mama ya mapasa, anarudia ku nyumba kule Naviundu na nguo ya mutoto mu mukono. Michelle alikuwa ku mulango. Akapokea ile nguo.

Sasa sikia. Juu ya mapasa, hatusemaka «alikufa». Tunasema alirudia. Na hapana kulia. Ukimulia, anasikia, anakuya kukamata mwenzake. Tantine Mukuka, dada mukubwa ya Mwansa, alitoka Kilwa juu ya camion, siku mbili mu ile barabara ya mashimo, akafika na vumbi mpaka ku kope, na neno ya kwanza yenye alisema ilikuwa ile: hapana muntu kulia hapa. Banamuzika Daniella na nyimbo ya mapasa, zile nyimbo ya matusi munazoyua, banacheza, banarusha unga mweupe. Simone akacheza. Macho kavu kama kibuyu ya zamani. Mwansa akacheza. Kila muntu alikuwa anaangalia Michelle, na Michelle anacheza, na ndani ya tumbo ya Mwansa kulikuwa kintu kama jiwe yenye haina fasi ya kutokea.

Tantine akabakia nao, juu ya kuchunga. Miezi tatu. Mu ile nyumba haikulia muntu. Na haikukula muntu vizuri. Simone alipika, akapakua sahani mbili ya mapasa kama zamani, moya ya Michelle, moya ya Daniella, juu desturi inataka vile. Michelle anakamata yake, anaenda nayo mu chumba, inarudia vile ilienda, ile ugali ya bukari imekauka juu. Simone anakulia ku jiko, amesimama. Tantine inje. Mwansa alikuwa anaikala peke ku meza na ile sahani ya Daniella mbele yake, yenye hakuna muntu anaigusa. Na Michelle anapunguka. Mifupa ya shingo ikaanza kuonekana, kisha ya mukono. Lakini kila asubuyi anaenda ku salle. Tantine alisema mu sauti ya chini, kama muntu anasema kintu ya haya: mwenzake iko anamuvuta.

Siku moya, mwanzo ya baridi, Stéphane akafika Naviundu na miguu. Akavua kofia. Alikatala kuikala. Alisema tu: «Papa, ukuye uone na macho yako. Mi sina ulimi ya kukuambia.»

Mwansa akaenda, asubuyi, siku ya posho, mwisho ya juma, na koti yake ya ndoa juu ya baridi. Akasimama ku mulango ya salle. Michelle alikuwa ku mashini yake, anavuta. Vuuu. Vuuu. Alikuwa na mugongo wenye unaweza kuhesabu. Akamaliza, akainamisha kichwa ku magoti, akapumua. Akasimama na kushika ukuta, akaenda ku kibao, akaandika. Kisha akaikala ku mashini ya pili. Akafunga miguu. Akaanza tena, elfu mbili.

Hapo Mwansa akaangalia kibao. Hasomaka mingi, lakini namba anaziyua, alikuwaka fundi mechanicien. Mustari ya Daniella haikusimama ku munane na ine. Ilikuwa inaendelea. Munane na makumi mbili. Munane na makumi tano. Kenda. Kenda na nusu. Siku yote ya ile miezi tatu, namba juu ya namba, na kila namba mubaya kupita yenye kutangulia, kama muntu mwenye anachoka, mwenye anazeeka pale ku ukuta.

Akakaribia, akasimama mbele ya mutoto.

«Unafanya nini, Michelle?»

Hakuacha kuvuta. «Namaliza ya Dani.»

«Ya Dani.»

«Ninyi benyewe njo mulitufundisha. Kintu yenye moya anapata, na mwengine apate.» Alikuwa anasema kati ya kuvuta na kuvuta, neno mbili, pumzi moya. «Nikianza na yangu, yake inakuwa mubaya. Nikianza na yake, sina nguvu tena juu ya yangu. Nilijaribu yote mbili, papa. Ona kule. Anarudia nyuma kila siku. Alikuwa ananipita, na mi njo ninamuzaifisha.»

Mwansa akafikiri juu ya fimbo yenye alichapa mutoto mwenye hakuiba. Akafikiri ile miaka yote, robe mbili, viatu pea mbili, na ye anajisikia mwerevu, baba mwenye anayua desturi. Hakuna muntu alimuambia mutoto kama desturi iko na mwisho. Hakuna muntu alimuambia kintu. Bote balifunga kinywa juu ya kuogopa kulia.

«Toka pale,» akasema.

«Siyamaliza.»

«Toka, mama.» Alimuita mama, juu Michelle alichukua jina ya mama ya Mwansa. «Muzigo ya mutoto mwenye haiko ni ya baba yake. Hapana ya dada yake. Mi njo baba ya mapasa, njo mi nabeba ya Dani. Toka niikale.»

Akavua koti. Akaikala. Kakiti kakateleza, kidogo aanguke, Stéphane akamushika bega. Miguu kwanza, papa, Stéphane anamufundisha, kisha mugongo, kisha mikono. Lakini mikono ya Kilwa ilikuwa inayua kazi yake ya zamani na haikutaka kusikia kijana ya Kasai. Akavuta vibaya. Metre mia, pumzi ikaisha. Mia tano, akaona nyota. Michelle alikuwa anaikala chini ku simenti, pembeni ya mashini, anamuambia: acha, papa. Hakuacha. Ku Moero, kama baba yake alimuambia vuka, alivuka. Ku elfu moya jasho ilikuwa inashuka mu macho, mu kinywa, ku kifua, na ile jiwe ya tumbo ikaanza kupanda. Ilipanda pole pole, na kila kuvuta inapanda kidogo, mpaka ikafika ku koo, na Mwansa akatoa sauti yenye Michelle hakuisikiaka toka azaliwe.

«Papa, unalia.»

«Ni jasho.»

«Tantine alisema tukilia—»

«Michelle. Miezi tatu hatukulia, na ona vile umekonda. Kama ni kukukamata, angekukamata bila machozi yetu.» Akavuta. «Daniella alikufa. Mutoto yangu alikufa, na sikumulia hata mara moya.»

Alisema vile, na ile neno yenye kukatazwa. Michelle akashika muguu ya baba yake, ile yenye kufungwa ku mashini, akaweka kichwa ku goti yenye inaenda na kurudia, na akalia na sauti kubwa, sauti ya mutoto wa miaka tano. Stéphane akaenda kusimama ku dirisha, anabapatia mugongo. Mwansa alimaliza. Dakika kumi na saba na kitu. Kama ingekuwa ku ziwa, mamba ingemupita.

Kisha Michelle akasimama mbele ya kibao. Akapanguza na kiganja zile namba yote za ile miezi tatu, moya moya, haina haraka. Akaacha munane na ine. Chini, akavuta mustari mupya, akaandika: Papa, kumi na saba. Mukono yake ilikuwa mweupe na craie, na alienda nayo vile, mpaka Naviundu, anamushika baba yake ku mukono.

Ku nyumba, tantine Mukuka alikuwa ku mulango. Aliona macho yabo. Akasema: «Mulilia.»

«Tulilia,» Mwansa akamujibu. «Na ule ni Michelle, iko anapumua. Yaya, dada yangu, niachie nipite, miguu yangu haiko yangu.»

Ku jiko, Simone alisikia. Mwiko ikamutoka mu mukono.  Aliikala chini pembeni ya mbabula ya makala, akafunika uso na kitenge, na mabega yake yakaanza kwenda, na haikusimama kwa wakati murefu. Michelle akaikala naye. Tantine akabakia amesimama katikati ya nyumba, mikono inashuka, muntu mwenye alileta amri toka Kilwa na sasa hayui aiweke wapi. Mwansa alimuona anageuka ku ukuta. Ye pia alimupendaka ule mutoto.

Njo tantine mwenyewe, kisha, alibeba sufuria ya mayi ya kunawa. Akasema bukari inapola, na samaki ya thomson haipikwaka mara mbili. Akamumwangia Simone mayi ku mikono, pole pole, kidole kwa kidole. Akamumwangia Michelle, na craie ikashuka na mayi.

Simone alileta sahani mbili, juu mikono ilizoea. Michelle akaangalia ile ya Daniella mara moya tu, akaisukuma mbele ya baba yake. Akavuta yake. Akakata tonge, akachovya mu mafuta ya samaki, akaweka mu kinywa, na bote banamuangalia mpaka akameza. Hapo Simone akaikala. Tantine akakamata kiti, akaikala. Mwansa akanyosha mukono mu sahani ya mutoto yake, na bakakula.