Sanduku la Mzee Tarumbeta

Fundi wa majeneza ana shida moja ambayo muuza nyanya haijui: hawezi kuomba riziki bila kumchongea mtu kwa Mungu. Akisema "nipe mteja," maana yake jirani mmoja atangulie. Ndiyo maana fundi wetu alikuwa anaomba kwa kuzunguka mbuyu: "Bwana, sisemi nani, sisemi lini, lakini sufuria unaiona."

Sufuria ilikuwa imelala kifudifudi. Mtaa mzima ulikuwa na afya ya kuudhi, na fundi alijua wa kulaumiwa ni nani: mkewe. Mama huyo ndiye aliyeongoza maombi ya wagonjwa. Akimwekea mtu mkono leo, kesho utamkuta mtu huyo anafua mablanketi.

"Mama watoto, utatuua kwa njaa," fundi alilalamika. "Mwachie Mungu hata mmoja!"

"Nani kakwambia Mungu anatulisha kwa misiba tu?" mkewe alijibu, akipuliza jiko lililochemsha maji matupu. "Wewe ndiye umempangia njia ya kupita."

Basi Mzee Tarumbeta akaugua. Alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mpiga tarumbeta wa harusini, mrefu hata mlango humwinamisha mara mbili. Homa ikamlaza, ndugu zake wakaanza kuwasili kutoka mbali na nyuso za kaburini. Fundi alimhurumia, tena sana, lakini huruma yenye njaa huanza kupima mabega. Akatwaa mbao zake za mwisho, akaunda sanduku refu bila kuagizwa na mtu. Kwa urefu ule, hakuna mwingine mtaani ambaye lingemfaa. Mkewe naye alikuwa chumba cha pili akimwombea mgonjwa kwa sauti. Kila fundi alipogonga msumari, mkewe aliitikia amina.

Asubuhi tarumbeta ikalia.

Fundi akaketi juu ya sanduku lake, akashika tama. Mbao zimekwisha, watoto hawajala, na marehemu anapiga muziki! Hajamaliza kujihurumia, mzee mwenyewe akaingia karakana, amekonda lakini anatembea.

"Hodi, fundi! Nimekuja kumshukuru mkeo. Na hiki ni nini?"

"Kabati, mzee wangu."

"Kabati halina rafu?"

"Zi... zinakuja."

Mzee akalizunguka. Kabla fundi hajamzuia, akaingia ndani, akajinyoosha, akafumba macho. Utosi ulifika, nyayo zilifika. Akafumbua jicho moja.

"Limenikaa sawasawa. Ulinipima lini?"

Fundi alitamani ardhi immeze. "Nisamehe, mzee. Njaa haina adabu."

Mzee akaangua kicheko. Kicheko kikazaa kikohozi, kikohozi kikamkaba humo humo sandukuni, macho yakamtoka pima. Fundi akaanguka magotini.

"Mungu wangu, usimchukue! Nitalala njaa, lakini huyu niachie!"

Safari hii hakuzunguka popote. Aliogopa kweli, akasahau kabisa kwamba ana tumbo. Mzee akavuta pumzi ndefu, akafuta machozi.

"Amina," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa mkewe. "Leo ndiyo umeomba."

"Umekuja wakati mzuri, mama," mzee alisema, bado amelala kwa raha zake. "Ndugu zangu walileta unga na maharage ya kulisha waombolezaji. Sasa mimi nimewaharibia shughuli. Wanarudi leo, na magunia hawataki kuyabeba tena. Hebu nisaidieni, nani atayala?"

Mke na mume wakatazamana. Fundi akageuka kumshukuru mzee. Mkewe alikwisha kwenda kuigeuza sufuria.

Magunia ya maharage yalikuwa yametobolewa na panya, kwa hiyo yote yakamiminwa sandukuni. Wanaume wanne wakalibeba begani, fundi mmojawao, na mzee akatangulia mbele akipuliza tarumbeta, maana kunyamaza alikataa. Mama wa jirani akaanza kulia kabla hajajua analia nini. Kinyozi akatoka mbio, kamwacha mteja na nusu ya ndevu.

"Jamani, poleni! Nani amekufa?"

"Njaa," alijibu fundi, akihema chini ya maharage. "Tunaenda kuizika kwangu."