Firigisi ya Khisa

...na kalamu yake bado iko juu ya karatasi, huyu Jepkemboi, mwandalizi mzima na hawezi kungoja mtu afunge viatu, anasema mtangazaji anataka sababu yangu kabla sijaitwa kuimba, sababu gani tena, miaka minne naimba bure kwenye harambee hii ya wagonjwa wa akili na hakuna aliyewahi kuniuliza, leo Warigia, mwimbaji mgeni, amekuja mara moja, na gauni la kuazima, na sasa kila mtu lazima awe na sababu... msikie huko jukwaani, anasimulia habari za binamu wa mumewe, binamu, tena wa mume, aliyelala mwezi mzima bila kuongea, na sauti inakatika pale pale panapofaa kukatika, ukumbi wote kimya, mama mmoja anajifuta macho kwa leso, mimi nikiimba huwa wanapitishiana soda... namwonea wivu, ndiyo, wivu ni kidonda, basi nikonde, kwa sababu mimi nina ndugu wa tumbo moja, Khisa, yule pale safu ya tatu kando ya Mama, shati amelipiga pasi mwenyewe, dawa amemeza asubuhi bila kukumbushwa, na anampigia Warigia makofi, mimi dada yake hajawahi kunipigia hivyo... nimemwambia Jepkemboi aandike kwamba naimba kwa sababu ya Mungu, akatabasamu.

"Hiyo ni sawa, Namalwa, lakini watu wanataka kitu ya nyumbani."

Ya nyumbani... nyumbani Langas, Jumapili, Mama anapakua kuku, Baba tumeshamzika, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi, inakwenda kwa Khisa, sawa, ndiye mwanamume aliyebaki, lakini kuku nilimnunua mimi, nimeimba harusi tatu na Mama hakuja hata moja, angekujaje, Khisa hajalala, Khisa hataki kuoga, Khisa anasikia watu wakimsema darini, Khisa, Khisa, mpaka nikatamani kuugua na mimi ili niulizwe kama nimekula... na wiki ile alikuwa anasema chakula kimetiwa kitu, firigisi tu ndiyo aliyokubali, nami nikaitoa sufuriani nikaitafuna nimesimama, ya moto, ikaniunguza ulimi, tamu sijapata kuona, kisha nikachukua jagi na beseni nikawanawisha wageni waliokuja kula, na nilipofika kwake nikainama, namwaga maji polepole, nikamnong'oneza, "Firigisi ni ya wanaume wenye akili"... alikausha mikono, akafungua mlango, akaenda, siku nne, tukampata mbali, mjini Turbo, nyayo zimepasuka, amelala chini ya lori la mahindi, na dereva yuko ndani anatafuta ufunguo... Mama akasema ni zile sauti zilimwita, pasta akasema ni shetani, mimi nikasema ni kweli, na mwaka uliofuata nikaanza kuimba bure, wakanisifu, Namalwa ana roho safi... na hata hilo lingepita, lakini alipopata nafuu tulikuwa tunamenya viazi siku moja, akacheka, akaniambia daktari amemfundisha kuzitambua sauti za ugonjwa, kwamba kuna moja ilikuwa mbaya kuliko zote, ilimwambia firigisi ni ya wanaume wenye akili, tena ilisema kwa sauti yako, dada, fikiria, ugonjwa hauna adabu, na mimi nikacheka pamoja naye, Mungu wangu, nikacheka, nikachukua kiazi kingine... Warigia bado analia pale mbele, na kumbe si machozi yake ninayoyaonea wivu, ni ile hadithi, hadithi ambayo yeye hana kosa ndani yake, angekuwa na la kwangu asingepanda jukwaani na hilo gauni... Khisa amegeuka, anamwuliza Mama kitu, anachungulia upande huu wa pazia, ananitafuta, na huyu naye ananiuliza tena, haya Namalwa, niandike nini, na sababu yangu ina mwenyewe, amekaa safu ya tatu, anaamini kichwa chake kilimdanganya siku ile, na siimbi hata neno moja leo kabla sijamwambia, Khisa, ile moja haikuwa ugonjwa, ilikuwa mimi.