Mtu wa Kumsemea Apolline

Asubuhi ya teste, mtihani wa kuomba kazi, Apolline alisimama mbele ya ofisi ya kampuni ya intaneti, katikati ya mtaa wa Kasuku mjini Kindu, akipangusa vumbi la pikipiki kwenye viatu vya kuazima. Kampuni ilitafuta mtu mmoja wa kuangalia mitambo ili mtandao usikatike. Vijana waliojaa uani wote walikuwa wamesomea kompyuta, wengine kwa kuichora ubaoni tu, maana umeme haukufika chuoni kwao. Apolline aliwashinda wote. Shefu Rodrigue, mkubwa wa ofisi, mtu wa Goma mwenye adabu zake, alimwita ndani.

"Kazi unaijua, dada. Lakini expérience iko wapi? Na uko na mutu wa kukusemea?"

"Sina mutu, shefu."

"Basi, utafute mutu."

Hakumdharau. Kindu kazi hupatikana hivyo. Diploma bila mtu ni sahani bila ugali. Jioni Apolline alimweleza mama yake, Scholastique, na baba yake Onema akasikia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufika. Onema alikufa wakati wa vita, lakini magharibi huja kukaa barazani, na Scholastique humsogezea maji ya kunawa. Majirani wakipita humsalimia.

Miaka ile, mji ulipozungukwa na wapiganaji wa Maï-Maï, treni haiji na mihogo haionekani, Onema alikuwa mtu wa foni, redio ya kuongea na miji ya mbali. Redio yake iliendeshwa kwa betri ya gari, na watu walipanga mstari wajue kama ndugu zao wa Kibombo wako hai. Siku moja askari walioshika mji walimsikia akitaja magunia na njia. Wakasema anaongea na adui. Alikuwa akiongea na mama mmoja wa Kibombo habari za mchele. Walimpiga risasi pale pale, foni wakaondoka nayo.

"Mutoto wangu akose kazi na mi baba yake niko?" alisema Onema. "Kesho nitaenda kukusemea."

Alienda na shati alilozikwa nalo, lenye tundu kifuani. Mlinzi alimkaribisha. Onema alimsifu binti yake mpaka shefu akatabasamu, akamuuliza yeye mwenyewe alikuwa akifanya kazi gani. Onema akaeleza habari za betri, nyaya, na namna ya kuupata mji wa Kama hewani wakati risasi zinalia. Shefu alifurahi mno. Mtu wa aina hiyo, asiyekula, asiyelala, asiyeugua malaria wala kugoma, ndiye aliyekuwa akimtafuta tangu aingie jimbo la Maniema. Alimwajiri palepale. Mshahara haukutajwa. Marehemu ana haja gani na mshahara?

Tangu hapo mtandao wa Kindu haujakatika. Haukupita muda, tangazo jipya likabandikwa mlangoni: "Marehemu wanahimizwa sana kuomba." Familia kadhaa zilikwenda makaburini na bahasha za maombi ya kazi. Wale vijana wa uani walirudi kuendesha pikipiki za watu.

Apolline alimfuata baba yake kwenye chumba cha mitambo, kwenye baridi ya kiyoyozi. Alimkuta amevaa beji shingoni.

"Baba, uache hii kazi. Ilikuwa yangu."

Onema aliinamisha kichwa. "Najua, mama. Nilikuja kusema juu yako tu." Akaishika ile beji. "Lakini tangu nizaliwe, hakuna mutu alinipa contrat. Hata ile foni ilikuwa ya mutu. Hapa waliandika jina yangu ku mulango. Nitaacha namna gani?"

Nafasi ya kazi hufunguka mtu akizeeka au akifa. Baba yake hazeeki tena, na kufa alikwisha kufa.

Apolline alimpongeza, kwa kuwa ni baba yake na hakuna aliyewahi kumpongeza. Kisha akatoka, akalia kwa sauti pale mlangoni, mbele ya watu. Mlinzi alimwomba kwa upole apishe mlangoni. Marehemu walikuwa wamefika kwa teste.