Sauti ya Mlevi

Mtaani walimwita Mbuzi, na aliyempa jina hilo ni baba yake mzazi. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa suti na tai hata siku ya mazoezi. Mtoto akiwa na miaka kumi na miwili alikosea nota moja. Baba akasimamisha wimbo, akamtoa mbele ya waimbaji arobaini, akamwimbisha peke yake mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema, "Mnamsikia? Nimezaa mbuzi." Watu walicheka wakishika mbavu. Jina likamganda kama kupe.

Miaka thelathini baadaye Mbuzi alikuwa mtunzi wa muziki. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma, kuta zimebandikwa trei za mayai. Mwongozaji mmoja, binti wa maneno makali aliyekuwa akitengeneza filamu fupi kwa kuungaunga, alimpa kazi. Yote yalikwenda sawa ila onyesho moja: mlevi anarudi nyumbani akiyumba na kuimba, mkewe kamfungia mlango.

"Hapa umeniletea msiba," mwongozaji alisema baada ya jaribio la tatu. "Mimi nataka watu wacheke. Nitafutie sauti iliyokwisha, lakini mwenyewe hajui kama imekwisha."

Mbuzi aliijua sauti hiyo. Ilikuwa katika chumba cha pili, alikolala baba yake. Mwaka uliopita baba alipigwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalala, sauti ikabaki kupasukapasuka. Lakini kila asubuhi mzee aliimba bafuni kama zamani.

"Baba, nina filamu. Nataka uniimbie."

Mzee aligeuka. "Mimi? Filamu ya nini?"

"Ya baba anayerudi nyumbani kwake."

Hakudanganya hata neno moja, na hilo lilimpendeza.

Mzee alifanya mazoezi wiki nzima. Siku ya kurekodi alivaa suti, na binti yake, dada mkubwa wa Mbuzi, akamfunga tai. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alimwambia binti. "Mimi sikumchelea. Leo unaona matunda."

Mara ya kwanza aliimba vizuri kuliko alivyotarajiwa. Mbuzi akavua visikizio masikioni.

"Rudia."

Akarudia. "Tena, baba." Mara ya sita koo lilikuwa limekauka.

"Maji, mwanangu."

"Tumalizie kwanza."

Mara ya tisa sauti ilikatika katikati ya neno, ikaruka juu kama jogoo aliyekanyagwa, ikaanguka pamoja na mate. Mbuzi aliihifadhi hiyo. Mwongozaji alipoisikia alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Huyu mlevi umemtoa wapi?"

"Mtaani," alijibu Mbuzi.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo. Mzee alikuwa amewaalika wanakwaya wake wa zamani, saba waliobaki, akawapanga safu ya pili, yeye katikati. Mlevi alipotokea na kufungua kinywa, ukumbi mzima uliangua kicheko. Wale saba nao walicheka, kisha mmoja mmoja wakanyamaza. Mzee alikuwa bado anatabasamu, akigeuza shingo huku na huku kuona watu wanacheka nini.

Baadaye mwongozaji alimwita mtunzi mbele. Mama mmoja akauliza, "Yule aliyeimba ni nani? Mpigieni makofi!"

Safu ya pili mzee alishika mkono wa kiti, akaanza kujiinua. Dada yake Mbuzi alimsaidia upande ule uliolala. Mbuzi aliwaona wote wawili vizuri kabisa.

"Tulimpata mtaani tu," alisema kwenye kipaza sauti. "Jina hata sikuuliza."

Mzee alikaa. Ilimchukua muda kukaa, maana alikuwa amekwisha kusimama nusu.

Nje, dada alimsogelea Mbuzi. "Alikukosea, najua. Nilikuwepo siku ile. Lakini wewe ulikuwa na miaka thelathini ya kufikiri." Akamchukua mzee kwenda kuishi naye. Kuanzia hapo mzee hakuimba tena, hata bafuni.

Mbuzi aliingoja furaha yake kwa siku kadhaa. Haikuja.

Miezi miwili baadaye mwongozaji alipiga simu. Alikuwa na filamu nyingine, akimtaka mlevi yuleyule. Mbuzi akaenda kwa dada yake, akasimama mlangoni kama mgeni, akaeleza.

Mzee hakugeuza uso kutoka dirishani. "Mwambie amekufa."

Mbuzi akamwambia hivyo.

"Maskini! Pole," alisema mwongozaji, na kweli alisikika akisikitika. "Hakuna rekodi alizoimba zikabaki?"

Zilikuwepo nane. Mbuzi alizituma kabla ya chakula cha mchana.